Jinsi ya kuandaa chemsha bongo ya makelele, kuanzia vigelegele mpaka mngurumo wa simba

Chemsha bongo nyingi tunazofanya maofisini, makanisani, kwenye mabonanza na majumbani siku za sikukuu zinakufa mapema kwa sababu maswali ni yaleyale, mji mkuu wa Australia, mlima mrefu, rais wa pili wa nchi fulani, anayejua anajibu na asiyejua anarudi kwenye simu yake, na kila mara anashinda yuleyule aliyekuwa anapenda jiografia shuleni. Dawa ni kuchukua mada moja ambayo kila aliyekaa pale ana kitu cha kusema, bibi na mjukuu wake, na mi sijaona mada inayowafungua watu kama kelele zenyewe za mdomo, yaani mayowe, vigelegele, kukoroma, kubweka, kuwika, kunguruma, hayo yote. Hapa naelekeza namna ya kuiandaa toka mwanzo, na maswali nitakupa ya kutosha tu ukaanze nayo.

Anza na maneno kwanza, maswali baadae. Chukua daftari uzunguke kuuliza watu, mtu akitoa sauti kubwa kwa mdomo inaitwaje? Wa pwani watakupa ukunga na ukemi, wa Nairobi watakupa nduru na kamsa, huku Dar watakupa mayowe, mama anayejua shughuli atakupa vigelegele, vifijo na hoihoi, mtoto wa shule atakumwagia za wanyama bila kupumua, jogoo huwika mbwa hubweka simba hunguruma, afu bado kuna kufoka, kubwata, kupayuka, kukemea, kukoroma, kubeua, kupiga chafya, kupiga mbinja au mluzi kama wengine wanavyoita. Ukifika maneno ishirini hivi simama, yanatosha kwa jioni nzima na yatabaki.

Afu weka mpaka. Kelele lazima itoke kooni au mdomoni kwa mwenyewe, bila chombo. Usipoweka huu mpaka mapema mtu atakuletea mbiu, mwingine vuvuzela, mwingine honi ya daladala, na mtabishana mpaka usiku. Mbinja mi naikubali kwa sababu ni midomo na pumzi tu, mbiu naikataa kwa sababu ni pembe. Wewe amua unavyoona ila itangaze mwanzoni kabisa wakati watu bado wanagawana viti.

Sasa ndo kazi yenyewe. Kwa kila neno jiulize, nani anaitoa hii kelele, na kuna kisa gani cha kweli nyuma yake? Na swali utakalolitoa humo lipitishe kwenye mtihani mmoja tu: je, asiyejua jibu anaweza kulibishania? Hii kwangu ndo kila kitu. Swali la "fulani alizaliwa mwaka gani" halina mjadala, unajua au hujui. Swali zuri linawafanya watu wa timu moja wainamishe vichwa waanze kunong'onezana, mmoja anasema hapana bwana fikiria vizuri, na hata wakikosa wanaondoka na kitu.

Tuchukue kunguruma. Ukiuliza "mnyama gani ananguruma" umemaliza swali kabla halijaanza, wote watasema simba. Uliza hivi: kati ya simba, chui na duma, yupi hawezi kunguruma? Hapo meza inagawanyika. Jibu ni duma. Anakoroma kama paka wa nyumbani, na akimwita mwanae anatoa mlio ambao ukiusikia bila kumuona utasema ni ndege, wakati chui ananguruma kwa sauti ya kukwaruza kama mtu anakata mbao kwa msumeno. Ukitaka kuliongeza makali uliza la pili, mngurumo wa simba unasikika mpaka umbali gani, na anayekaribia zaidi ndo anachukua pointi. Unaweza kufika kilomita 8, na ukipimwa mita 1 kutoka mdomoni unafika kama desibeli 114, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Wengi wanakadiria kilomita mbili tatu. Afu kama kuna wapenzi wa mpira mezani, na Tanzania lazima wawepo, malizia na klabu ya Kariakoo iliyojiita jina la mnyama huyo mwaka 1971, ilikuwa inaitwaje kabla? Sunderland. Wa Yanga nao watajibu, wanaijua hiyo historia kuliko wanavyokubali.

Kwenye fisi uliza akicheka anafurahi nini. Hili ni swali la mtego lakini la haki. Kile kinachoitwa kicheko cha fisi madoa mara nyingi kinatoka akiwa anabughudhiwa, anafukuzwa kwenye mzoga, anang'atwa na mwenzie, na utafiti uliotoka mwaka 2010 ulionyesha kwamba ndani ya kicheko hicho kuna taarifa za umri wake na hadhi yake kwenye kundi. Kwa hiyo jibu la "hafurahi chochote" mpe pointi kamili.

Jogoo ana utajiri ambao watu hawautarajii, mi ningempa maswali matatu peke yake. La kwanza, jogoo wanne wakikaa banda moja nani anaanza kuwika asubuhi? Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba anaanza mkubwa wao, yule anayewatawala wenzie, afu wanafuata kwa kushuka ngazi, na mkubwa akiondolewa anaanza wa pili yake. Hawa hawa walishaonyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa yake ndani ya mwili, ukimuweka kwenye mwanga hafifu usiobadilika bado anawika muda wake. La pili ni la mahakamani: nchi gani jogoo alishtakiwa kwa kuwika? Ufaransa. Aliitwa Maurice, alikuwa kisiwa cha Oléron, majirani waliokuja kupumzika wakamlalamikia kwamba anawaamsha, na mwaka 2019 mahakama ikaamua jogoo aendelee kuwika. Mwaka 2021 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. La tatu ni la methali, jogoo wa shamba hawiki wapi, hilo wape watoto.

Kuhusu methali kwa ujumla, tengeneza raundi nzima ya kumalizia. Unaanza "kelele za mlango", wao wanamalizia hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Unaanza "kelele za chura", wanamalizia hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Debe tupu haliachi kuvuma. Ngoma ivumayo haidumu. Humu sauti sio za mdomo zote na hapo unalegeza ule mpaka kidogo, sema wazi kwamba raundi hii ni ya kelele zote. Kitu cha muhimu ni kwamba methali zina sura nyingi, Mombasa wanaimalizia hivi, Mwanza vile, kwa hiyo maana ikifika toa pointi, usimnyime mtu mzima pointi kwa neno moja ambalo kwao ndo linavyosemwa.

Kuna sauti moja ambayo lazima uiweke kwa kusikiliza, ni perere. Kwa wasiomjua ni pimbi wa mitini, uzito wake kilo mbili tatu tu, anaishi kwenye misitu ya Kilimanjaro, Mlima Kenya, Zanzibar na kwingineko, mchana humuoni ila usiku anatoa kelele inayopanda hatua kwa hatua mpaka inakuwa ukunga kabisa, mgeni aliyelala kambini kwa mara ya kwanza hapati usingizi. Weka sekunde tano au sita za sauti yake, uliza ni mnyama wa ukubwa gani, mbwa, mbuzi, au sungura. Wengi watasema mkubwa. Halafu uliza ndugu zake wa karibu zaidi duniani ni akina nani, na jibu ni tembo na nguva. Kila mtu anapinga hilo, na ni kweli.

Na ukishamtaja tembo usimuache, manake hapa Afrika Mashariki ndo kumefanyika kazi nzuri sana ya sauti za tembo na watu wetu wengi hawaijui. Huko Amboseli, Kenya, watafiti walirekodi watu wakisema maneno yaleyale, kwamba tazama pale kundi la tembo linakuja, wengine kwa Kimaasai wengine kwa Kikamba, wakawachezea tembo kwenye spika. Swali lako: tembo walifanya nini? Matokeo yaliyotoka 2014 ni kwamba waliposikia sauti ya mwanaume mzima wa Kimaasai walijikusanya na kunusanusa hewa na kurudi nyuma zaidi kuliko waliposikia mwanaume wa Kikamba, kwa sababu Wamaasai na mifugo yao wamekuwa wakikutana na tembo kwenye maji na malisho na mikuki ilikuwepo. Sauti za wanawake na za watoto wa kiume wa Kimaasai hazikuwatisha hivyo. Yaani tembo anajua kabila, jinsia na umri kwa kusikia tu. Na mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine wa tembo wa Samburu na Amboseli unaoonyesha kwamba wanaitana kwa sauti zinazofanya kazi kama majina, ukimchezea tembo sauti aliyoitwa yeye anaitika na kusogea haraka kuliko ukimchezea ya mwenzie. Hili liulize kama kweli au si kweli, linatosha.

Usiishie kwenye sauti za kutisha tu, tafuta na za kuitana. Wayao wa Niassa kule Msumbiji, ndugu wa hawa Wayao wetu wa Tunduru na Masasi, wana sauti ya kumwita ndege anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki, wanatetemesha midomo "brrr" afu wanamalizia na "hm". Uliza sauti hiyo ni ya kumwita nani, weka na majibu matatu ya kuchagua, mbwa wa kuwinda, ndege au mtoto. Utafiti wa 2016 ulikuta kwamba ukitoa sauti hiyo nafasi ya ndege kukuongoza inapanda kutoka kama asilimia 33 mpaka 66 hivi. Wahadzabe wa ziwa Eyasi wao wanapiga mbinja, na ilishapimwa kwamba ndege wa kila eneo wanaitikia zaidi sauti ya watu wa kwao. Mbinja ndo naipendea hapo.

Watoto wachanga nao. Mtoto akizaliwa analia sana lakini kitu gani hakitoki? Machozi, yanaanza kuonekana baada ya wiki kadhaa. Kina mama watachukua pointi hiyo na wanastahili. Kisha waulize hili gumu, kichanga cha Ufaransa na cha Ujerumani vyote vina siku chache tu toka vizaliwe, je vilio vyao vinafanana? Utafiti wa 2009 ulionyesha vya Kifaransa sauti inapanda kuelekea mwisho na vya Kijerumani inashuka, kufuata lafudhi ya lugha waliyoisikia wakiwa tumboni.

Raundi ya picha inatosha kuwa na picha moja tu, ule mchoro wa Edvard Munch wa Norway wa mwaka 1893 wa mtu aliyeshika mashavu na mdomo wazi, wengi wanaujua hata kutoka kwenye emoji. Onyesha, uliza: huyu anapiga yowe au anasikia yowe? Waachie dakika nzima. Mwenyewe Munch alieleza kwamba alihisi yowe kubwa likipita kwenye maumbile, na ukitazama vizuri mikono imeziba masikio. Mchoro huo una matoleo kadhaa, moja liliibwa mwaka 1994, jingine likaibwa 2004, yote yakapatikana, na jingine la mwaka 1895 likauzwa New York mwaka 2012 kwa karibu dola milioni 120. Bei hiyo ifanye swali la kukadiria.

Rekodi za dunia weka ila kwa uangalifu, manake rekodi inavunjwa na wewe bado unasoma karatasi ya zamani. Angalia beuo, mwaka 2009 Muingereza Paul Hunn aliweka desibeli 109.9, watu wakaizoea hiyo namba, afu 2021 Neville Sharp wa Australia akafika 112.4. Kwa hiyo siku zote taja mwaka ndani ya swali lenyewe, "mwaka fulani rekodi iliwekwa", hapo hata ikivunjwa kesho swali lako bado ni sahihi. Ninayoipenda kuliko zote ni ya mwalimu Annalisa Flanagan wa Ireland ya Kaskazini, mwaka 1994 alipaza sauti mpaka desibeli 121.7, na swali ni kwamba alitamka neno gani? Alikuwa anaamrisha watu wanyamaze. Ipo pia ya mbwa aina ya golden retriever aitwaye Charlie wa Australia, 2012, alibweka peke yake desibeli 113.1, karibu sawa na yule simba wetu, na hilo uliza moja kwa moja, nani ana sauti zaidi.

Kwa kuwa desibeli zitajitokeza sana, zifafanue mapema kwa sentensi moja: haziongezeki kama kilo au mita, kila zikipanda 10 nguvu ya sauti inazidi mara 10, na sikio letu linaona kama imekuwa kubwa mara mbili hivi. Bila hiyo watu wataona 109.9 na 112.4 ni vitu vilevile. Na hapohapo una swali la bure, desibeli imepewa jina la nani? Alexander Graham Bell, wa simu.

Swali la Bilal, mwadhini wa kwanza katika Uislamu, mtumwa wa asili ya Uhabeshi aliyeachwa huru, ni zuri na Waislamu wengi watalijibu, ila liweke kwenye raundi ya utulivu, usilichanganye na mabeuo na mikoromo. Mambo ya watu ya imani yanataka nafasi yake.

Sasa siku yenyewe. Sauti zote ziweke kwenye simu moja, zikate fupi, zipe namba badala ya majina ili mtu asichungulie, na jaribu spika ukiwa umesimama kiti cha mwisho kabisa. Timu za watu wanne au watano zinatosha, wakizidi kuna wanaokaa kimya. Changanya rika kwa makusudi, kila timu iwe na mtu mzima mmoja na kijana mmoja, kwa sababu ukunga na hoihoi anavijua bibi na emoji ya Munch anaijua mjukuu. Usisome majibu yote mwishoni, soma baada ya kila raundi pamoja na kisa chake, kisa ndo utamu wenyewe, ukisoma "namba tatu duma, namba nne Ufaransa" umewanyima.

Na hili nalisema kwa msisitizo, usiwaambie watu wapige yowe la kweli. Kwenye mitaa yetu yowe ni wito wa msaada, ikipigwa usiku majirani wanatoka na marungu wakijua ni mwizi au moto, na wakikuta ni mchezo siku utakayowahitaji kweli watachelewa. Hata sauti ya perere au fisi ipige mapema jioni na kwa kiasi, na kama ukumbi uko katikati ya nyumba waarifu majirani wa pande zote. Kama unataka watu watoe sauti, vigelegele vinaruhusiwa, havitishi mtu, jirani akisikia atajua kuna heri.

Ndo maana kwenye kulingana pointi mi natumia vigelegele. Lakini kwanza jaribu swali la kukadiria namba: mwaka 2014 mashabiki wa Kansas City Chiefs, timu ya mpira wa Kimarekani, walipiga kelele uwanjani kwao mpaka zikapimwa desibeli ngapi? Ni 142.2, anayekaribia anashinda. Wakilingana tena, au wakikataa, kila timu itoe mpiga vigelegele mmoja. Pakua programu ya bure ya kupima desibeli kwenye simu, namba zake hazitakuwa sahihi kama za maabara lakini kwa kulinganisha zinafaa, ilimradi simu iwe ileile, iwekwe juu ya meza ileile, na kila mmoja asimame mita 2 kutoka pale, chora mstari kwa chaki. Pumzi moja tu kila mtu, hakuna kurudia. Wengine wote wakae kimya kabisa, na huyo anayeshika simu asiwe wa timu yoyote.